Upinde Mkuukuu Unafaa, Ila Usiwe Mzito

Mtu akitaka kuwafundisha vijana wa Katindiuka, pale Ifakara, kulenga shabaha kwa upinde, wapo watakaomwambia asubiri hadi apate fedha za vifaa vipya, na wapo watakaomwambia achukue chochote kilichopo, upinde ni upinde tu. Siafikiani na upande wowote. Upinde wa miaka 50 au 60 iliyopita, ukikaguliwa na kuandaliwa na mtu anayejua anachokifanya, unamtosha kabisa anayeanza, na hakuna sababu ya shule au kikundi cha vijana kukaa kinangoja mfadhili. Lakini upinde huo huo ukitolewa stoo na kukabidhiwa mtoto bila kupimwa nguvu yake, ni afadhali ubaki stoo. Uchakavu wa upinde ni jambo la kukaguliwa asubuhi moja likaisha. Uzito usiomfaa mtumiaji humharibia bega na mazoea, na mazoea mabaya ya mwanzo huchukua muda mrefu kuondoka.

Pinde ninazozizungumzia ni zile ziitwazo rikavu: mshiko wa mbao, mikono miwili yenye tabaka za mbao zilizobanwa kati ya faibaglasi, na ncha zilizopindia mbele, upande wa shabaha. Kampuni za Marekani kama Bear na Ben Pearson zilizitengeneza kwa wingi katika miaka ya 1950 na 1960. Desemba 1969 Mmarekani Holless Wilbur Allen akapewa hataza ya upinde wa kampaundi, ule wenye magurudumu kwenye ncha, na baadaye wawindaji wengi wa huko wakahamia kwenye upinde huo. Rikavu zikabaki zimetundikwa kuta za gereji, na ndiyo maana hadi leo zinapatikana kwa bei ya chini, nyingine zikiwa hazijatumika sana. Tatizo ni kwamba nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya kumwangusha kulungu, mikononi mwa mwanamume mzima aliyekwisha kuzoea. Hazikumfikiria mwanafunzi wa kidato cha kwanza.

Nguvu ya upinde hupimwa kwa ratili, au paundi kama wengi wanavyosema, na kwa kawaida utaikuta imeandikwa kwenye mkono wa chini, karibu na mshiko: mathalani 45, kisha 28. Maana yake upinde huo unadai ratili 45, zaidi kidogo ya kilo 20, ukivutwa hadi inchi 28. Sasa mchukue kijana ambaye akinyoosha mikono huku na huku anapata sentimita 160 kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Kwa kanuni inayotumiwa na walimu wengi, urefu huo ukigawanywa kwa mbili na nusu unatoa kipimo cha mvuto wake: sentimita 64, yaani inchi 25. Kila inchi inayopungua huondoa ratili mbili hadi tatu, kwa hiyo upinde wa 45 utamlemea kwa ratili 37 au 38. Hizo bado ni kilo 17, zinazoning'inia kwenye vidole vitatu, na anatakiwa azishikilie akiwa ametulia huku jicho likitafuta shabaha. Hataweza. Atapandisha bega hadi sikioni, atapinda mgongo, na mkono wake hautafika kidevuni kabla vidole havijaachia. Baada ya wiki chache ataambiwa hana kipaji. Mimi ningeweka ratili 20 hadi 25 vidoleni mwa kijana, na zisizidi 30 kwa mtu mzima anayeanza, hata awe mbeba magunia.

Namba ya kiwandani nayo isiaminiwe kwa upofu. Upinde mkuukuu huenda umelegea, au umepunguzwa na fundi fulani asiyeacha maelezo. Mizani ya kuning'iniza, kama ile ya kupimia mazao, inamaliza ubishi: ndoana kwenye upote, yaani kamba ya upinde, uvute taratibu hadi alama ya inchi 25 uliyoichora kwenye kijiti, soma. Kazi ya dakika tano, na kwa maoni yangu ndiyo inayotenganisha mafunzo na bahati nasibu.

Najua jibu la wazee kwa hili. Watasema upinde mwepesi ni wa kuchezea, na kwamba watu wa kwetu walikomaa kwa kuvuta pinde nzito. Historia inawaunga mkono kwa sehemu. Wawaata wa nyika ya Tsavo, wawindaji wa tembo waliokuja kuandamwa na askari wa wanyamapori wa Kenya katika miaka ya 1950, walivuta pinde za zaidi ya ratili 100, nguvu inayokaribia pinde ndefu za vita za Waingereza wa zama za kati. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi mpaka leo wanatumia pinde nzito ambazo mgeni asiyezoea hupata shida kuzivuta. Ila tutazame wanavyofika hapo. Mvulana wa Kihadzabe hupewa kijiupinde angali mdogo sana, anacholengea ndege na panya, na kadiri anavyokua ndivyo anavyopata kikubwa zaidi. Hakuna anayemkabidhi mtoto upinde wa baba yake ili akomae. Kwa hiyo anayetaja mila kama sababu ya kuanza na upinde mzito ameishika mila hiyo nusu, tena nusu ya mwisho.

Uzito ukishapatikana, zinabaki kazi za mikono, na hapa Ifakara ina zaidi ya inavyojidhania. Mkaguzi huanza kwa kupitisha pamba juu ya mikono yote miwili. Ikinasa mahali, pana kibanzi au mpasuko. Nyufa nyembamba za vanishi ni za uzee tu. Ufa unaokatiza mkono kwa upana, au tabaka zilizoanza kuachana ukingoni, ni hukumu ya kifo: upinde huo utundikwe ukutani kama pambo. Asiyejua kutofautisha hivyo viwili asimpe mtu upinde. Kisha upote uvikwe kwa kamba maalumu yenye vifuko viwili vya ngozi vinavyoingia kwenye ncha, ambavyo fundi viatu yeyote wa sokoni anaweza kuvishona. Wengi huvika kwa kupitisha mguu katikati na kuukunja upinde kwenye paja, na hivyo ndivyo mikono ya pinde nyingi kuukuu ilivyopindana. Ukishavikwa, tazama kutoka nchani: upote upite katikati ya mkono wa juu na wa chini. Ukiegemea upande mmoja sana, kuna mkono uliopinda.

Upote wenyewe una siri ambayo wauzaji wengi hawaisemi. Nyuzi za kisasa zisizonyumbuka zilianza kuenea miaka ya 1980, na ncha za pinde za kabla ya hapo hazikuimarishwa kuzistahimili. Zinaweza kukatwa au kupasuliwa. Rikavu ya zamani ivikwe Dacron, uzi wa poliesta unaonyumbuka kidogo na kuupunguzia upinde pigo, nyuzi 10 au 12 kwa nguvu tunazozizungumzia. Umbali kutoka upote hadi sehemu ya ndani kabisa ya mshiko uwe kama inchi saba na nusu hadi nane kwa upinde wa inchi 60. Ukiwa mdogo, vua upote, usokote mizunguko kadhaa zaidi, uuvike tena, usikilize: upinde uliokaa sawa huachia mshale kwa mlio mfupi, usio na mtetemo mkononi. Alama ya kupachika mshale ikae karibu nusu inchi juu ya usawa wa rafu ya mshiko, na rafu hiyo ifunikwe kipande cha ngozi laini. Kwa kuwa mshale unapita ukigusa rafu, mkia wake uwe wa manyoya ya ndege, bata mzinga kwa mfano, maana mkia wa plastiki hugonga na kuurusha mshale pembeni. Na kamwe upinde usivutwe ukaachiwa bila mshale. Nguvu iliyokosa mshale wa kuibeba huirudia mikono, na faibaglasi ya mwaka 1965 haitakusamehe.

Joto na unyevu wa Bonde la Kilombero ni hoja nzito kuliko watu wanavyodhani, na anayesema gundi ya zamani haitaliweza bonde hili hasemi upuuzi. Chumba chenye paa la bati bila dari mchana wa Januari si mahali pa kuhifadhi upinde wa tabaka zilizogundishwa. Dawa yake ni chumba chenye dari na hewa, upinde uvuliwe upote na kulazwa kwenye vigingi viwili, usisimamishwe kwenye kona. Mpinzani anaweza kuendelea: upinde mpya wa kufungua vipande una faida kwamba mtoto akikua unabadilisha mikono tu, mshiko ukabaki. Ni kweli, na mwenye fedha anunue. Lakini kikundi hakina mtoto mmoja. Kina watoto 15 wa vimo tofauti, na pinde tano kuukuu za ratili 20, 22, 25, 28 na 30 zinawahudumia vizuri kuliko upinde mmoja mpya wanaougombania wote. Hasara kubwa ya pinde kuukuu ni nyingine kabisa: rafu zake nyingi zimechongwa kwa mtu anayevutia mkono wa kulia. Mtoto mwenye jicho la kushoto lenye nguvu, na wapo kila darasani, atapata shida, na kwake kikundi kitalazimika kutafuta upinde wake mahususi.

Limebaki pingamizi ambalo silichukulii kwa wepesi. Upinde ni silaha, na bonde hili linajua silaha. Wakulima na wafugaji wa mkoa wa Morogoro wameshawahi kutoana damu, na sheshe, swala ambaye mbuga za Kilombero zilisifika kwa wingi wake, amepungua vibaya. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali na kutumia silaha yenye sumu, na atakayekutwa hifadhini na upinde hatasikilizwa akisema alikuwa mazoezini. Sitadai kwamba ratili 25 hazidhuru. Mshale wake unaweza kumuua mtu kwa umbali wa mazoezi. Ndiyo maana nadai pinde zikae chini ya kufuli la shule, mishale iwe na namba na ihesabiwe kabla ya yeyote kwenda nyumbani, vichwa viwe vya shabaha visivyo na makali, na wote wasimame kwenye mstari mmoja, hakuna anayefuata mshale kabla ya wote kuweka pinde chini. Kijana anayetaka kuwinda haramu hahitaji kikundi. Waya wa kutegea ni rahisi kupatikana kuliko rikavu, na haupigi kelele.

Kuhusu shabaha, mabua ya mpunga ambayo mengi huchomwa mashambani baada ya mavuno yanafanana na mabua ya nafaka yaliyotumika Ulaya kwa vizazi kutengenezea shabaha: yasokotwe kuwa kamba nene, yazungushwe, yashonwe yabane. Mwanafunzi aanze mita tano, bila duara lolote la kulenga, mpaka mkono wake ujue kidevu kilipo. Wanaoona huu ni mchezo wa wageni wakumbuke kwamba aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016 alikuwa mlenga upinde, Shehzana Anwar, na kwamba upinde wa Olimpiki wakati huo ulikuwa rikavu peke yake, kwa umbali wa mita 70. Kutoka mita tano za Katindiuka hadi huko ni safari ndefu, na sisemi kwamba kikundi cha kata kitaimaliza. Nasema tu kwamba anayepokea pinde za msaada aulize kwanza namba iliyoandikwa kwenye mkono wa chini, na akiambiwa ni 45 kwa 28, ashukuru, auchukue mmoja kwa ajili ya mwalimu, na kwa zilizobaki aombe nyepesi.