Balbu Inayoomba Ruhusa Ng'ambo

Wacha niseme mapema ili tusipotezeane wakati: balbu ikikataa kuwaka kwa sababu intaneti imekatika, hiyo balbu ni mbovu. Sisemi imeharibika. Nasema ni mbovu tangu siku ilipobuniwa, na aliyeibuni alijua.

Kabla hujaniita mzee anayeogopa mambo mapya, mimi bado sijafika miaka thelathini, nina shahada ya sayansi ya kompyuta, na kazi yangu ya kila siku ni kuandika programu zinazokaa kwenye seva. Kodi ya nyumba naipata huko. Ndiyo maana nina maneno. Najua seva ni kitu cha namna gani: inaanguka, inalipiwa kila mwezi, na siku moja mtu anaamua kuizima. Sitaki kitu kama hicho kisimame kati yangu na taa ya choo.

Ukipita barabara ya Luthuli hapa Nairobi utaona bidhaa zenyewe zimepangwa madukani: balbu, soketi, kamera, kufuli za milango, hata kengele. Zote zinaitwa "janja". Aliyechagua neno hilo alituambia ukweli bila kukusudia. Kwa Kiswahili mjanja si lazima awe na akili nyingi; mara nyingi ni yule anayekuzunguka. Basi swali langu ni hili: huo ujanja unamfanyia nani kazi?

SAFARI YA TAA

Hebu tufuate amri moja tu. Umekaa kwenye kiti, balbu iko juu ya kichwa chako, mita mbili hivi. Unabonyeza kwenye simu: washa. Ungedhani simu inaiambia balbu moja kwa moja. Kwa vifaa vingi vya bei nafuu, la. Amri inatoka kwenye simu hadi kwenye ruta, inaingia kwa kampuni inayokuuzia intaneti, inafika Mombasa, inazama baharini kwenye nyaya, inaibukia Ulaya, Marekani au China, inaingia kwenye seva ya kampuni ya balbu. Seva inauliza: huyu ni nani? Akaunti yake bado iko hai? Sawa. Kisha jibu linarudi njia hiyo yote hadi kwenye ruta ile ile, na balbu inawaka.

Ikifanya kazi huoni kitu, maana yote hayo huisha kwa nusu sekunde. Lakini kila hatua ni mahali pa kukwama. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Kenya, Tanzania, Uganda na majirani wengine ikawa ya kutambaa. Barua pepe kuchelewa siku hiyo naelewa. Niambie sasa, ajali ya baharini kule kusini inahusiana nini na taa ya jikoni Rongai?

Na usiku wa 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, ruta za nyumbani zilizima pamoja na taa. Kufuli la mlango lenye betri zake bado lina nguvu usiku kama huo. Lisilokuwa nalo ni mtu wa kuliambia lifunguke, kama limezoea kungoja amri kutoka ng'ambo.

MAMBO YALIYOKWISHA KUTOKEA

Sitaki useme natunga hofu. Haya yote yametokea kwa watu walionunua kwa pesa zao.

Kwanza, seva ikianguka. Tarehe 20 Oktoba 2025 vituo vya Amazon vya Virginia, Marekani, vilipata hitilafu: mfumo wa majina ya intaneti ulishindwa kuonyesha hifadhidata yao moja ilipo. Tovuti nyingi zikalala. Pamoja nazo wakalala vibaya watu wenye vitanda vya Eight Sleep, ambavyo bei yake ni zaidi ya dola 2,000. Wengine waliripoti kitanda kimezidi joto na hakishuki, wengine kimebaki kimeinuka upande wa kichwa. Kitanda! Baadaye kampuni ikaleta njia ya kukiendesha kwa Bluetooth kutoka kwa simu iliyo chumbani humo humo. Yaani iliwezekana tangu mwanzo.

Pili, kampuni ikituma programu mpya. Agosti 2017 kampuni ya Marekani iitwayo LockState ilituma programu isiyofaa kwa kufuli zake kupitia intaneti. Kufuli takriban 500 zikafa upande wa elektroniki, nyingi zikiwa kwenye nyumba za kukodisha wageni wa Airbnb. Hazikuweza kurekebishwa kwa mbali kwa sababu programu ile mbovu ndiyo iliyozikata na intaneti. Zilibidi kung'olewa na kurudishwa kwa watengenezaji. Fundi wa kufuli wa mtaani kwenu hajawahi kuharibu milango 500 kwa asubuhi moja, hata akijaribu.

Tatu, kampuni ikichoka. Revolv kilikuwa kisanduku cha dola 300 cha kuendeshea taa na vifaa vingine vya nyumbani. Nest, iliyokuwa chini ya Google, ikainunua kampuni hiyo mwaka 2014. Tarehe 15 Mei 2016 seva zikazimwa, na kisanduku kikabaki cha kuzuia karatasi zisipeperuke. Hakikuvunjika wala hakikuungua. Kiliuawa kutoka mbali kikiwa kizima. Aprili 2022 wateja wa Insteon walipata kitu kama hicho bila hata kuarifiwa: seva zilinyamaza tu. Mpaka baadhi ya wateja wenyewe walipoungana wakainunua kampuni mwezi Juni.

Nne, kifaa kikiwa hakihitaji intaneti hata kidogo. Juicero ilikuwa mashine ya kukamua juisi iliyotoka 2016 kwa dola 699. Ilitaka Wi-Fi, na ilisoma alama kwenye mfuko wa matunda ili ikatae ambao muda wake umepita. Aprili 2017 waandishi wa Bloomberg walichukua mifuko ile ile wakaikamua kwa mikono na juisi ikatoka karibu kama ya mashine. Kufikia Septemba mwaka huo kampuni ilikuwa imefunga duka, baada ya kuchangiwa na wawekezaji kiasi cha dola milioni 120. Mama muuza miwa hapa Nairobi ana mashine ya kuzungusha kwa mkono ambayo haijawahi kumwomba neno la siri.

Tano, mlango ukiachwa wazi. Oktoba 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilitumika kuangusha Dyn, kampuni iliyokuwa ikiongoza watu kufika kwenye tovuti kama Twitter na Netflix. Jeshi lake halikuwa kompyuta. Lilikuwa kamera, vinasa video na ruta za majumbani. Mirai iliziingia kwa kujaribu orodha ya majina na maneno ya siri takriban 60 tu, yale yanayowekwa kiwandani, kama "admin" na "12345". Na Februari 2017 ilijulikana kwamba CloudPets, vikaragosi vya watoto vinavyotuma sauti kati ya mtoto na mzazi, waliacha hifadhidata yao wazi kwenye intaneti bila neno la siri lolote. Akaunti zaidi ya 800,000, sauti zaidi ya milioni mbili. Hiyo si kazi ya mwizi stadi. Hakuna aliyefunga mlango.

KWA NINI WANAFANYA HIVI

Hapa nawasema watu wa kazi yangu, na nawajua.

Sababu ya kwanza ni uvivu wenye maelezo mazuri. Ruta yako huficha vifaa vya ndani, hivyo simu ikiwa nje haiwezi kuifikia balbu moja kwa moja. Njia rahisi ni balbu ipige simu kwenye seva na kukaa kwenye laini, ikingoja. Ukishajenga hivyo kwa mtu aliye nje, unaona kazi ya nini kuandika njia ya pili kwa mtu aliye ndani? Basi wote wanazungushwa ng'ambo, hata aliyekaa chini ya balbu.

Sababu ya pili ni hesabu. Balbu unainunua mara moja. Seva inayoiendesha inalipiwa kila mwezi, miaka yote. Mtoto wa darasa la nne anaweza kuona kwamba hesabu hii haifungi. Mwisho wake ni mmoja kati ya mitatu: waanze kukutoza kila mwezi, wauze habari zako, au wazime. Yote matatu yameshatokea, na mengine yanatokea kwa pamoja.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kifaa hiki umekilipia chote, kiko sebuleni kwako, lakini kamba ya mguuni imeshikwa na mtu mwingine. Hata M-KOPA, waliopeleka mitambo ya sola vijijini tangu 2012 ikiwa na laini ya simu ndani ili izime usipolipa, angalau wanakuambia kamba ipo kwa sababu ya deni, na deni likiisha inafunguliwa. Hawa wa balbu unawalipa yote siku ya kwanza na kamba haifunguliwi kamwe.

NDUGU YETU MITA

Sasa usiniambie haiwezekani kufanya vingine. Nenda ukaangalie mita yako ya tokeni.

Fikiria kazi yake. Kampuni iko mbali, mteja analipa kwa simu, na kifaa ukutani lazima kijue amelipa kiasi gani bila kudanganywa. Mtu wa leo angesema: weka Wi-Fi, jenga seva, mwambie mteja afungue akaunti. Wahandisi wa Afrika Kusini waliotengeneza mfumo wa STS miaka ya mwanzo ya 1990 hawakufanya hivyo. Ukilipa, kompyuta ya kampuni inachukua kiasi cha stima na wakati wa kununua, inavifunga kwa ufunguo wa siri ambao mita yako nayo inaujua, na kukupa tarakimu 20. Unazibonyeza. Mita inazifungua yenyewe, inahakikisha hazijatumika, inaongeza stima. Mtandao kati ya kampuni na mita ni vidole vyako.

Nyaya za baharini zikatike zote leo, stima uliyokwisha kuingiza inaendelea kuwaka. Hakuna wa Virginia wa kuulizwa.

Na hata mita haikukosa tatizo. Wakati wa kununua ulihesabiwa kwa dakika tangu Januari 1993, katika nafasi ya biti 24, yaani dakika 16,777,216. Zilikuwa ziishe 24 Novemba 2024. Mita duniani kote zilibidi kuwekwa upya. Hapa Kenya, mwaka huo, ilitufikia kama seti mbili za ziada za tarakimu 20, za kubonyeza kabla ya tokeni ya kawaida. Watu walilalamika vidole vinauma. Lakini linganisha: kifaa cha miaka mingi, kisicho na intaneti, kilibadilishwa ufunguo wake na bibi kijijini kwa kubonyeza. Revolv ilikuwa na intaneti saa zote na haikufikisha miaka mitano.

"LAKINI INANISAIDIA"

Najua. Dada aliye Doha anayejenga nyumba Kitengela anataka kuona simenti yake kwa kamera. Mzee asiyeweza kusimama anataka kuzima taa kwa sauti. Hao sibishani nao hata kidogo, na hao ndio wanaostahili kifaa kisichowaacha gizani. Mzee asiyeweza kusimama akikosa intaneti, swichi ya ukutani iko mbali naye kuliko ilivyo kwako.

Ninachotaka ni kitu kidogo: kazi kuu ya kifaa ifanyike ndani ya nyumba, na intaneti iwe nyongeza. Hili lipo tayari. Home Assistant, programu huria iliyoanza 2013, inaendesha nyumba nzima kutoka kwa kompyuta ndogo iliyo hapo hapo sebuleni. Matter, utaratibu uliotolewa Oktoba 2022 na kukubaliwa na Apple, Google na Amazon, unaruhusu vifaa kuongea ndani ya nyumba bila kupitia seva ya mtu.

Kwa hivyo ukienda dukani, muulize muuzaji mambo manne kabla ya kutoa pesa. Ruta ikiwa imewashwa lakini intaneti haipo, kinafanya kazi? Swichi ya ukutani au ufunguo wa kawaida bado unatumika? Kampuni imeandika mahali popote kwamba itaendelea kurekebisha programu hadi mwaka gani? Neno la siri la kiwandani naweza kulibadilisha? Akianza kukuambia kuhusu rangi milioni 16 za balbu, jibu umeshalipata. Nunua ile ya kawaida, urudi na chenji.

Na wewe programa mwenzangu uliyepewa kazi ya kuandika programu ya kufuli: siku ya kwanza ofisini, kabla ya kuandika mstari wowote, chomoa waya wa intaneti na uulize mwenye mlango ataingiaje. Ukiambiwa hilo litashughulikiwa toleo lijalo, kataa kusonga mbele mpaka lijibiwe. Toleo lijalo huwa halifiki kabla ya mvua kumkuta mtu nje ya nyumba yake.