Kuvua Nguo Popote?

Kila kiangazi Uingereza hurudi hoja ileile: sheria haikatazi uchi, kwa hiyo mtu avue nguo popote apendapo, kutafuta faragha ni woga.

Nusu ya kwanza ina ukweli. Huko England na Wales, kifungu cha 66 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2003 kinataka ithibitishwe nia ya kumshtua anayeona. Lakini wenye hoja hufunga kitabu hapo, kana kwamba Sheria ya Utulivu wa Umma ya 1986, inayoweza kumgusa aliye uchi hadharani, imeliwa na mchwa.

Na hilo “popote”? Hapo ndipo penye kichekesho. Mtu mmoja, Stephen Gough, alitembea uchi hadi Scotland, na huko uchi wake ukaitwa uvunjifu wa amani. Alifungwa tena na tena, mara nyingine akidakwa langoni mwa jela akitoka. Mwaka 2014 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikayatupa madai yake. Woga hakuwa nao. Jua nalo, kwa miaka kadhaa, hakuliona sana.

Waoga wenyewe, wakati huo, walikuwa Brighton, penye ufuko wa kuota jua uchi tangu 1980, au Studland, Dorset, ambako vibao vinaonyesha eneo linapoanza. Walitandika taulo, wakaacha kamera mkobani, wakajifunga kanga kabla ya kurudi njiani.