Tumelikosea Wapi?

Mwaka 2007 na 2008 hospitali nane, za London na Seattle zikiwamo, zilijaribu orodha moja ya Shirika la Afya Duniani ya kukagua usalama wa upasuaji. Mojawapo ni ya kwetu: Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Kwanza zilikubali vifo vyao vihesabiwe. Kisha mambo madogo: kila aliyemo ataje jina na kazi yake, vitambaa na vifaa vihesabiwe kabla mgonjwa hajatolewa. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Linalonigusa ni muuguzi kuthubutu kumwambia daktari bingwa, “Bado hatujahesabu.” Sisi hupiga kifua kila Misa, nimekosa mimi, lakini hospitali ngapi, za kanisa au za serikali, humwambia jirani ilipokosea? Ukilazwa wiki hii ukaulizwa jina mara ya tatu, usikasirike. Litaje.