Karatasi Kabla ya Mkasi

Shinyanga ni nchi ya pamba, na Geita, ambako pamba hulimwa pia, ni nchi ya dhahabu. Mkulima huilima pamba kwa jasho, watu wa nyumba nzima huichuma kwa mikono, kisha hupelekwa kiwandani kutolewa mbegu. Baada ya hapo sehemu yake kubwa huuzwa nchi za mbali kabla ya kufumwa nguo. Basi mtoto aliyeichuma pamba huvaa shati asilojua limeungwaje. Nalo likipasuka begani, hukaa akimngojea fundi. Hali hii haifai. Kila mtoto, mvulana na msichana, yampasa ajue kushona nguo kwa kiolezo kabla hajamaliza shule.

Kiolezo ni karatasi iliyokatwa kwa umbo la kila kipande cha nguo: mbele, mgongo, mkono na ukosi. Mwaka 1863 fundi mmoja wa Marekani, Ebenezer Butterick, alianza kuuza violezo vya karatasi vya vipimo mbalimbali, na watu wengi wakaweza kushona nyumbani kwao. Lakini si lazima kiolezo kinunuliwe. Shati lililochakaa hufumuliwa mishono taratibu, vipande hunyoshwa, hulazwa juu ya gazeti kuukuu, na kingo zake huchorwa kwa kalamu. Nafasi ya mshono imo tayari; huongezwa kiasi alichokua mtoto tu.

Kazi hiyo huonekana ndefu, nayo ndiyo inayookoa fedha. Karatasi ikiharibika, hutafutwa nyingine. Kitambaa kikikatwa vibaya, ndipo watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Kwa hiyo mshonaji mwenye busara hukifua kwanza kitambaa cha pamba, kwa maana hupungua kikilowa. Kisha hukilaza kiolezo kwa kufuata mtande, yaani nyuzi ziendazo kwa urefu wa kitambaa. Kikilazwa mshazari, nguo huvutika na kupinda.

Wako wasemao, “Mitumba ni rahisi, ya nini kujisumbua?” Ni kweli kwamba shati la mtumba huweza kuwa rahisi kuliko kitambaa kipya. Lakini mwenye kiolezo hufaidi hata mitumba: hununua gauni pana la mtu mzima, akalifumua, akapata sketi ya mtoto na mifuko ya kubebea daftari. Asiyejua kukata huvaa kama alivyokuta, ijapokuwa nguo yampwaya.

Wako na wavulana wasemao kwamba sindano ni kazi ya wanawake. Na waende sokoni Shinyanga, Kahama au Geita, wakawatazame mafundi walioketi nyuma ya cherehani. Wanaume ni wengi, nao hulisha watoto wao kwa kazi hiyo hiyo.

Tena lipo jambo kubwa zaidi. Tangu mwaka 2016 shule za serikali za Tanzania hazitozi ada toka elimu ya awali hata kidato cha nne. Lakini sare bado hununuliwa na mzazi. Mtoto ambaye kaptura yake imepasuka huona haya mbele ya wenzake, na wengine hukaa nyumbani siku nyingi kwa sababu hiyo. Nyumba yenye kiolezo, sindano na uzi huweza kuitengeneza jioni, na asubuhi mtoto akaenda shuleni. Anayeshona mwenyewe huacha upindo mpana chini, akaushusha mtoto anapokua. Hivyo sare moja huvaliwa muda mrefu.

Katika vijiji vya wachimbaji wadogo, haja hii ni kubwa kupita kwingine. Mwezi mmoja dhahabu hupatikana, na nguo hununuliwa bila hesabu. Mwezi wa pili shimo halitoi kitu, na nguo zile zile zimekwisha kuraruka. Dhahabu hutumika ikaisha, lakini ujuzi wa mikono hauishi kwa kutumika.

Basi kila nyumba iliyo na mtoto wa shule na iweke bahasha ya violezo, na juu ya kila kimoja yaandikwe jina la mtoto, kipimo na mwaka. Mkubwa akikua, mdogo atakikuta kiolezo chake tayari.