MKATABA WA BIASHARA HURU: MFANYAKAZI YUMO WAPI?



Wengi katika matawi wametuuliza habari ya mikataba ya biashara huru ya Uchina, maana inatajwa mara kwa mara na waelezaji ni wachache. Neno hili latuhusu sisi wa reli. Reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, ilijengwa na kampuni ya Uchina kwa mkopo wa benki ya Uchina, na kila mtu wa yadi anajua ya kuwa makontena hupanda bara yamejaa na mengi hurudi pwani matupu. Basi mtu akitamka "biashara huru", yafaa tumwulize ni huru kwa nani.

Tuanze na sheria yao. Kabla ya mwaka 1978 biashara ya nje ya Uchina ilikuwa mikononi mwa makampuni machache ya Serikali. Sheria ya Biashara ya Nje ilipitishwa tarehe 12 Mei 1994, ikaanza kazi Julai mwaka huo, lakini hata hapo kampuni ilitakiwa kupata kibali kwanza. Uchina ikaingia katika Shirika la Biashara Duniani tarehe 11 Desemba 2001. Mwaka 2004 sheria ikaandikwa upya: kibali kikaondolewa, ikabaki kujiandikisha tu, na mtu mmoja mmoja naye akaruhusiwa kufanya biashara ya nje. Mwisho wa mwaka 2022 hata kujiandikisha kukafutwa. Mfanya biashara amefunguliwa mlango kidogo kidogo kwa muda wa karibu miaka 30.

Lakini ufunguo Serikali haikuutoa. Sheria hiyo ya 2004, kifungu cha 7, ilisema ya kuwa nchi yo yote ikiibagua Uchina katika biashara, Uchina yaweza kulipiza. Iliweka pia njia ya kutoza ushuru wa ziada juu ya mali ya kigeni inayouzwa kwa bei ya kutupa. Desemba 2025 sheria ilitengenezwa tena, ikaanza tarehe 1 Machi 2026, na meno hayo yakanolewa zaidi.

Ulizeni Waaustralia. Wao walikuwa na mkataba wa biashara huru na Uchina tangu 20 Desemba 2015. Aprili 2020 Serikali yao ilitaka uchunguzi juu ya chanzo cha ugonjwa wa korona. Mwezi wa Mei shayiri yao ikatozwa ushuru wa asilimia 80.5, na mwaka 2021 mvinyo wao ukatozwa hadi asilimia 218. Uchina ilisema ni kwa sababu ya bei ya kutupa. Waaustralia walikataa katakata. Mkataba ulikuwapo, umetiwa sahihi, wala haukuzuia kitu. Ushuru wa shayiri uliondolewa Agosti 2023, na wa mvinyo Machi 2024. Miaka mitatu ni mingi kwa mtu anayelipwa kwa siku. (Hatusemi Uchina iko peke yake. Marekani hufanya hayo hayo, tena bila haya.)

Sasa mfanyakazi. New Zealand ilitia sahihi mkataba wake na Uchina tarehe 7 Aprili 2008, ikawa ya kwanza kati ya nchi tajiri. Mkataba wenyewe una sura juu ya ushuru, forodha na mali ya wenye mitaji, na ukivunjwa kuna waamuzi wa kukaa na kukata shauri. Mambo ya kazi hayamo humo. Yaliandikwa katika hati nyingine ya maelewano, na hati hiyo yasema wakikosana watazungumza. Basi. Uswisi, ambayo mkataba wake ulianza Julai 2014, nayo iliyaweka mambo ya kazi katika hati ya pembeni. Ni kama abiria aliyekatiwa tiketi asipewe kiti.

Mwenye kujua hali ya vyama huko hatashangaa. Uchina lipo shirikisho moja tu la wafanyakazi linalokubaliwa na sheria. Agosti 2022 nchi hiyo ilikubali mikataba ya 29 na 105 ya Shirika la Kazi Duniani, juu ya kazi ya kulazimishwa. Ile ya 87 na 98, juu ya uhuru wa vyama na mapatano ya mishahara, haikuikubali. Tusicheke upesi. Kenya iliukubali wa 98 mwaka 1964, lakini miaka 60 baadaye wa 87 ulikuwa bado.

Yote haya tunayaandika kwa sababu kalamu imekwisha tufikia. Tarehe 1 Desemba 2024 Uchina iliondoa ushuru kwa nchi maskini kabisa. Tanzania na Uganda zikaingia, Kenya ikabaki nje kwa kuwa haihesabiwi maskini kiasi hicho. Juni 2025 Uchina ikasema iko tayari kufanya hivyo kwa nchi 53 za Afrika, kwa njia ya mikataba. Parachichi na chai zikienda bila ushuru tutafurahi, na makontena matupu yatapata mzigo. Hatupingi. Tunadai tu mambo ya kazi yaandikwe ndani ya mkataba wenyewe, kama yalivyo katika ule wa Kenya na Ulaya ulioanza tarehe 1 Julai 2024. Hatudhani Wazungu waliyaweka kwa kutupenda. Lakini yamo, na chama chaweza kuyashika.

Makatibu wa matawi wanaombwa kusoma ukurasa huu mkutanoni. Kila tawi liandike maswali yake matatu juu ya mikataba hii na kuyaleta ofisini, ili tuyapeleke kwa Wizara pamoja na barua ya Chama.