"Siwati" Isigeuzwe Kuwa "Siachi"

Malenga wenzangu, husikika mara kwa mara rai kwamba Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla ingetolewa upya kwa Kiswahili Sanifu, ili sisi wa bara tuielewe. Mimi ni mtu wa Dumila, njia panda ya kwendea Kilosa, ambako Kikaguru kilitangulia Kiswahili. Rai hiyo hudaiwa kuwa kwa faida yangu. Naikataa.

Tukumbuke ilivyoandikwa. Mwaka 1968 kijana huyu wa Mombasa, mzaliwa wa 1946, aliandika waraka "Kenya: Twendapi?" akiikosoa serikali ya Kenyatta kwa kukiandama chama cha KPU cha Oginga Odinga. Alifungwa miaka mitatu, akatengwa na wenzake, na karatasi za chooni zikawa daftari lake. Diwani ilichapishwa 1973. Mwaka uliofuata ikapewa tuzo yenye jina la Jomo Kenyatta! Wakati huo mwenyewe yuko uhamishoni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Baadaye akaenda London, kisha Leipzig, alikofundisha Kiswahili.

Warusi waliyaonja haya. Ivan Bunin aliikimbia nchi yake 1920, akapewa Tuzo ya Nobel 1933 akiwa Ufaransa, bado akiandika Kirusi. Kilichotoka naye salama ni lugha. Kwa Abdilatif, lugha hiyo ni Kimvita.

Sasa litazameni shairi "Siwati". Tukiandika "Siachi", mizani itabaki mitatu, lakini kina cha -ti kitakuwa kimekufa, na popote neno hilo linapobeba kina itabidi ubeti ubomolewe. "Kuno Kunena" nalo likiwa "Huku Kunena", kina cha -no kimekwenda. Tena si vina pekee. Mfungwa aliyekataa kuacha msimamo wake alilisema hilo kwa neno alilolelewa nalo. Kumbadilishia neno ni kumpokonya kitu ambacho hata askari jela hawakukichukua.

Ugumu upo, sikatai. Dawa yake ni sherehe ya maneno chini ya ukurasa: kuwata ni kuacha, mato ni macho. Mtoto wa Dumila asemaye Kikaguru nyumbani na Sanifu shuleni amekwisha kumudu lugha mbili. Kimvita, ambacho ni ndugu wa hicho cha shuleni, kitamshindaje?