MAMBO YA MOTOKAA: Moshi wa Buluu na Vilima Vyetu

Wasomaji, wengi wenu mwazijua motokaa za Subaru Impreza zipitazo kwa ngurumo katika barabara ya Embu kwenda Meru. Ni motokaa za mbio. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza, na vijana wetu hawajasahau. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, lakini likiisha kuingia huuzwa mkono kwa mkono, hata hapana ajuaye lilivyotunzwa.

Mpwa wangu, mkulima wa kahawa upande wa Runyenjes, alinunua moja yenye turbo kwa mkopo wa chama. Mwezi wa pili alinijia amekunja uso. "Mjomba, gari lanywa oili na kutoa moshi. Fundi asema ringi za pistoni zimekwisha, injini ifunguliwe yote. Ataka shilingi 180,000."

Nilimwuliza moshi ni wa rangi gani, nao hutoka wakati gani. Rangi aliijua: buluu, yaani oili inaungua. (Mweusi ni petroli iliyozidi; mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta.) Wakati hakuujua, na wakati ndio utoao habari.

Basi Jumamosi tulikwenda, yeye mbele, mimi nyuma katika gari jingine nikitazama ekzosi yake. Tuliteremka kuelekea mto Thuchi, gari likiwa katika gia, mguu wake umeondoka kwenye mafuta. Katika mteremko wa namna hiyo injini hufyonza kwa nguvu, na kama sili za valvu zimechakaa, oili huvutwa na kupita kandokando ya valvu. Dereva akikanyaga mafuta tena huko chini, wingu hutoka. Ringi zikiwa mbovu moshi huzidi katika kupanda, injini inapobeba mzigo. Turbo mbovu mara nyingi hufuka gari likisimama na injini ikinguruma polepole baada ya safari ya moto. Mtu asijaribu haya katika mteremko wa daraja la Nithi. Mahali pale pameua wengi. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo, watu zaidi ya 30 wakafa.

Nililoona ni hili: wingu dogo pale chini, na katika kupanda moshi mwembamba tu, usioongezeka hata alipokanyaga sana. Ringi zilizokwisha hazifanyi hivyo.

Tukarudi kwa fundi, nikaomba kwa adabu anionyeshe alivyopima kompresheni. Silinda zote nne zilikuwa zimesoma 126, 124, 127 na 125, kwa ratili katika kila inchi mraba. Kitabu chake kilitaka zaidi ya 140, kwa hiyo aliihukumu injini. Lakini mji wa Embu uko karibu mita 1,350 juu ya bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kadiri ya sehemu 15 katika 100. Injini isomayo 150 Mombasa itasoma karibu 128 hapa kwetu, bila kuwa na ugonjwa wo wote. La kutazama zaidi ni kama silinda zalingana, na hizi zililingana. Kuna mafundi humwaga oili kidogo ndani ya silinda na kupima tena: kipimo kikipanda, lawama ni ya ringi. Ila katika Subaru silinda zimelala ubavu, oili hukaa upande mmoja, na jibu lake si la kutegemea sana.

Kulala huko kwaeleza jambo jingine. Gari likilazwa usiku limeinama, na ni boma gani la Meru lisilo mtelemko, oili hujipenyeza upande wa chini. Asubuhi hutoka moshi mara moja na kwisha. Huo usiwatie hofu.

Mwishowe tulifungua valvu ya kupumulia, kitu kidogo kitoacho mvuke katika tumbo la injini. Ilikuwa imeziba kwa matope meusi, kwa kuwa mwenyewe wa kwanza hakubadili oili kwa wakati. Ikiziba, mvuke husukuma oili katika mipira ya hewa, na oili ya turbo hukosa njia ya kushuka. Valvu mpya na mipira miwili haikufikia shilingi 9,000.

Kabla ya hapo gari lilikula lita moja katika kilomita 800. Sasa, kwa vipimo alivyoandika katika daftari la kahawa, gari likiwa limepoa na kusimama mahali tambarare, lita hiyo yamfikisha zaidi ya kilomita 2,000. Nimemwambia asingoje taa ya oili, maana ikiwaka turbo huenda imekwisha kuumia.

Wingu la pale Thuchi lipo bado, kwani sili za valvu kweli zimechoka. Ameweka kopo la oili katika buti, na sili zangoja malipo ya kahawa.